Bamba Lililofunika Maziwa

Kaimenyi alikuwa mtoto wa saba wa Wambeti, lakini nyumbani kwao Kiirua neno hilo halikuwahi kutamkwa. Wambeti alipoulizwa ana watoto wangapi, alijibu, "Sita, na yule mdogo." Alikuwa mwanamke wa Mbeere aliyeolewa Buuri akiwa msichana, akaja na Biblia yake, mikono yake ya kazi, na hofu moja ya kwao ambayo ubatizo haukuiosha: kwamba saba ni hesabu ya viapo vibaya vya zamani, na mtu mwenye akili haifikishi ndani ya boma lake.

Kaimenyi alipoanza darasa la kwanza na kujua kuhesabu kwa vidole, alirudi nyumbani mchana mmoja akawakuta ndugu zake wakila githeri ya mahindi na maharagwe. Akawagusa vichwa mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti, akamalizia kwa kugusa kifua chake mwenyewe. Kabla hajatamka, mwiko wa mama yake ulimtua mdomoni. Kovu lake lilibaki juu ya mdomo maisha yake yote, na akikaa kufikiri alikuwa akilipapasa kwa kidole gumba.

Isidhaniwe kwamba hao walikuwa watu wa uganga. Baba yake Kaimenyi alikuwa katekista. Nyumba yao ilikuwa ya mawe wakati majirani wangali wakikandika udongo. Hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyewahi kulala kituo cha polisi, wala kusimamishwa kanisani, wala kusemwa sokoni. Wambeti mwenyewe aliongoza umoja wa wanawake wa kanisa miaka mingi, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cheupe kuliko vyote. Ile hofu ilikuwa kitu kidogo cha ndani, kama ufa nyuma ya kabati, ambao wenye nyumba wanaujua na wageni hawauoni.

Kaimenyi hakuwa mtu wa vitabu. Alisomea ufundi, akafungua karakana ya mabati kando ya barabara iendayo Nanyuki, akawa hodari wa kulehemu rejeta za matrekta ya mashamba ya ngano. Alimwoa Nkirote, mwalimu wa kemia katika shule ya wasichana, na watu wakashangaa kwamba msomi kama yule amekubali mikono yenye grisi. Nkirote hakushangaa. Alikuwa amemwona mtu mpole, asiyependa ugomvi hata kidogo, na hakujua bado kwamba upole wa namna hiyo nao una hatari yake.

Shida ya karakana ilikuwa gesi. Mtungi ulipoisha, kazi ililala mpaka mwingine utoke Meru mjini. Kaimenyi alikuwa amesikia kwamba kuna mafundi wanaotoa moto kwenye maji, akaja na swali hilo mezani wakati wa chakula.

"Mwalimu," alisema, kwani ndivyo alivyomwita mkewe hata jikoni, "maji ni gesi mbili zilizoshikana, sivyo?"

"Hidrojeni na oksijeni. Umeme unaziachanisha. Lakini ukizikusanya pamoja, ujue umebeba kitu kinachotaka kurudi kuwa maji, na kitarudi kwa kishindo."

"Hicho kishindo ndicho nakitafuta. Kidogo kidogo, kwenye ncha ya bomba."

Nkirote alicheka, akainuka, akachukua sahani za bati akazisimamisha wima kwenye kichanja cha kukaushia vyombo, moja nyuma ya nyingine. Alimweleza kama anavyowaeleza wasichana wake. Betri ya lori inapochajiwa hutoa karibu volti kumi na nne. Kuvunja maji kati ya bamba na bamba kunahitaji kama mbili tu. Ukiweka mabamba mawili pekee, nafasi moja inabebeshwa umeme wote, na ule unaozidi unageuka kuwa joto. Hapo hutengenezi gesi, unachemsha maji. Lakini ukiweka katikati mabamba mengine yasiyoguswa na waya wowote, umeme unapita kutoka moja hadi jingine, na nafasi zote zinagawana mzigo.

"Waya unafunga wapi?"

"Bamba la mwanzo na la mwisho tu. Ya katikati yaache yakae kimya, yatafanya kazi bila kuguswa."

"Na yote pamoja ni mangapi?"

"Nafasi sita. Kwa hiyo mabamba saba."

Kidole gumba cha Kaimenyi kilipanda mdomoni. Alitazama dirishani, upande wa jiko la mama yake. "Saba," alisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Ni hesabu tu, Baba Kawira," Nkirote alisema. "Umeme haujui mambo ya Mbeere."

Aliyakata mabamba kwenye tangi kuukuu la maziwa, chuma kile kisichoshika kutu. Kati ya bamba na bamba aliweka pete ya mpira aliyoikata kwenye tyubu ya lori, akabana yote kama mkate uliokatwa vipande, kwa boliti ndefu zilizovishwa mpira. Ndani alitia maji yenye kostiki soda kidogo, ile ya kutengenezea sabuni. Gesi ilipotoka ilipitishwa kwanza ndani ya chupa nene yenye maji, ili moto ukijaribu kurudi nyuma uzimike humo. Nkirote aliyagusa mabamba yote saba kabla hayajabanwa. Mara ya kwanza walipowasha, mwali ulitoka mwembamba kama sindano, karibu usionekane, na Kaimenyi akapiga magoti mbele yake akicheka kama mtoto.

Seli ile, kama Nkirote alivyouita mtambo huo, ilifanya kazi miezi mingi bila kupata joto la kuchoma mkono. Habari zikasambaa. Vincent, fundi wa Mitunguu anayetengeneza pampu na mabomba ya kunyunyizia migomba, alipanda hadi Kiirua kuiona, akaagiza ya kwake. Kaimenyi akamtengenezea.

Asubuhi moja ya Agosti, Nkirote akiwa darasani, seli ya Kiirua ililipuka. Ile chupa nene ilivunjika kama yai. Kaimenyi alifika hospitali akiwa hai, lakini hakuongea tena. Mwili ulipooshwa, uso haukuwa wa kumtambua mtu. Nkirote alimtambua kwa lile kovu la mwiko, ambalo moto ulikuwa umeliruka.

Walimzika vizuri, kwa heshima ya nyumba yao. Lakini maneno yalianza kabla udongo haujakauka. Wengine walisema Kaimenyi alikuwa akipika pombe ya chang'aa humo. Wengine walisema bomu. Hayo Nkirote aliyavumilia, maana ni maneno ya watu wasiojua. Lililomchoma lilitoka ndani ya boma, kwa Kobia, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa kusoma masomo ya Jumapili kanisani. Alimfuata kwenye zizi akiwa ameshika kofia mkononi.

"Shemeji, mimi sitaki kuleta maneno. Lakini ile hesabu mliweka ndani ya ile mashine..."

"Hesabu gani, Kobia?"

"Unaijua."

"Itaje basi. Wewe ni mtu mzima."

Hakuitaja. Alizungusha kofia. "Tungeita wazee wawili, watatu. Mbuzi mmoja tu. Kimyakimya. Hata mchungaji hatajua."

"Nyumba hii haitatakaswa kama nyumba ya wachawi," Nkirote alisema. "Mume wangu alikuwa fundi. Kilichomuua ni kitu cha ufundi, na nitakitafuta."

Alichukua ufunguo wa karakana siku ileile. Alitaka kuonyesha kwamba mabamba hayakuwa na kosa, kwamba labda mpira ulichakaa au bomba liliziba, ili watu wanyamaze. Chupa na mabomba yalikuwa yameharibika kabisa, lakini seli yenyewe ilikuwa imeshikiliwa na boliti zake. Alizifungua kwa spana ya mumewe. Pete za mpira zilikuwa zimekauka na kupasuka kama ngozi ya kisigino. Alitoa mabamba akayapanga mezani, akayahesabu.

Yalikuwa sita.

Aliyahesabu tena, akiyagusa. Boliti zilikuwa zimekatwa zikafupishwa, na mahali pa kukatwa palikuwa pamepigwa tupa vizuri, kazi ya mkono mtulivu. Hapakuwa na bamba lililorushwa na mlipuko. Mtu alilitoa kabla, kwa hiari yake.

Nkirote aliiweka spana mezani. Kisha akatoka, na kabla hajajiambia anakwenda wapi, alikuwa mlangoni pa jiko la mama mkwe wake. Wambeti alikuwa akichochea moto. Juu ya sufuria ya maziwa kulikuwa na kifuniko cha chuma, cha mraba, kinachong'aa, chenye tundu la boliti kila pembe. Na kwenye mtungi wa maji, pale kona, kulikuwa na kingine kama hicho.

"Mama," Nkirote alisema, "hiki kifuniko umekitoa wapi?"

"Alinipa mtoto wangu."

"Na kile cha mtungi?"

"Kile pia." Wambeti hakugeuka. "Nilimlilia, Mama Kawira. Kila siku nilimlilia. Nilimwambia, wewe mwenyewe umezaliwa pale ulipozaliwa, nimekuficha miaka yote, na sasa unakaa na hiyo hesabu mchana kutwa ukiitia moto. Alicheka. Halafu akaja na hiki, akasema, Mama, nimepunguza, sasa ulale. Nikalala."

"Hakuniambia."

"Angekuambia nini? Ungemsomea kitabu."

Neno hilo lilimwingia Nkirote mahali penye ganzi, na hapo akahisi maumivu. Mtu aliyelala naye kitanda kimoja alikuwa amempa yeye saba na mama yake sita, ili pasiwe na ugomvi.

"Na hicho cha pili?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Cha mashine ya yule mtu wa Mitunguu. Nilimwambia asiuzie watu kitu ambacho hawezi kuweka kwake. Si vizuri."

Nkirote aliketi kwenye kigoda. Alimweleza polepole, kama alivyomweleza Kaimenyi kwa sahani za bati: kwamba bamba moja likitoka, nafasi zilizobaki zinabeba zaidi, seli inapata joto, mpira unakauka, maji ya kostiki yanatoa povu, povu linajaa ndani ya ile chupa ya kuzuia moto, na moto unaporudi haukuti maji. Unakuta povu, na kila kiputo cha povu kimejaa gesi ileile.

Wambeti alisikiliza mpaka mwisho. "Unasema nimemuua."

"Sijasema hivyo, Mama."

"Basi usiseme kwa mtu. Mimi nimesimama mbele ya wanawake wa kanisa nikiwakemea mambo ya kimila. Wataniweka wapi? Na wewe watakuweka wapi? Watasema, tazama nyumba ya katekista."

Ukweli ni kwamba hata Nkirote hakutaka kusema. Jina la nyumba ile ndilo lililobaki kwake na kwa binti yake Kawira. Acha watu waseme bomu. Bomu ni uongo, na uongo huisha. Hili lingekuwa kweli, na kweli ya namna hii husimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Alimpigia simu Vincent akitafuta maneno yasiyogusa mtu.

"Fundi, ile seli usiiwashe kwanza. Kuna kitu cha kuangaliwa."

"Mwalimu, pole tena kwa msiba. Lakini mashine iko sawa kabisa! Inavuma. Hata inatoa gesi nyingi kuliko ile niliyoonyeshwa huko kwenu."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Vincent alicheka. "Shida ya kuwa nzuri? Mwalimu, niambie ukweli tu. Kuna mtu anaitaka?"

"Hakuna anayeitaka. Nakuomba uizime."

"Sawa, sawa, nimesikia," alisema, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mjane.

Nkirote hakuamini ile sawa. Kesho yake alilichukua lile bamba lililofunika maziwa, akaliosha, akakata pete ya mpira kwenye tyubu, akatafuta boliti ndefu nne, akateremka Mitunguu.

Huko chini joto lilikuwa jingine. Karakana ya Vincent ilikuwa chini ya mabati, kando ya mfereji, na watu walikuwa wamekaa kwenye mikungu ya ndizi wakingoja vipuri vyao. Winrose, mke wa Vincent, alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Seli ilikuwa inafanya kazi. Nkirote alitazama kitu kimoja tu: ile chupa. Hapakuwa na maji ya kuonekana ndani yake. Ilikuwa imejaa povu la rangi ya chai hadi shingoni.

"Mwalimu mwenyewe!" Vincent alisema, bomba mkononi. "Winrose, letea mwalimu kiti. Nimalizie hii moja."

"Usiwashe, Vincent. Kuna bamba lilisahaulika. Nimekuja nalo."

"Lilisahaulika?" Aliwatazama watu wake akitabasamu. "Fundi Kaimenyi hakuwa mtu wa kusahau. Nilimuuliza mwenyewe, mbona yako niliyoiona ilikuwa saba na yangu ni sita? Akaniambia sita inatosha, ndiyo mpya."

"Haitoshi."

"Sasa nimwamini nani, fundi aliyeitengeneza ama mwalimu wa ubao?"

Mzee mmoja kwenye ndizi akacheka. "Muache mama wa watu, Vincent. Labda amekuja kuchukua mali ya marehemu."

Vincent alikuwa ameshika kiberiti. Nkirote aliona kidole chake, na zaidi ya hapo aliona shavu la mtoto mgongoni mwa Winrose. Hakuwa mwanamke wa kufanya fujo mbele za watu. Tangu utotoni hakuwahi kuinua sauti barabarani. Alipita katikati yao, akashika waya kwenye betri, akaung'oa.

"Wewe!" Vincent alifoka.

"Alilitoa kwa sababu ya mama yake," Nkirote alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Mama yake anaogopa saba. Alimlilia, naye akatoa bamba moja kwenye yake na moja kwenye hii yako ili mama alale. Yake ilijaa povu kama hili, na moto ukarudi. Nimemzika bila uso. Bamba lenyewe ni hili, lilikuwa linafunika maziwa. Fungua uone mpira wako."

Hakuna aliyecheka tena. Vincent aliweka kiberiti juu ya meza, mbali. Alingoja seli ipoe, akafungua boliti. Pete za mpira zilikuwa zimeanza kukauka na kupasuka kwenye kingo, kama zile za Kiirua, na moja ilimkatikia mkononi. Aliitazama. Kisha akamtazama mkewe, akamwambia kwa sauti ndogo, "Peleka mtoto nyumbani."

Winrose hakuondoka mara moja. "Kwa hivyo," alisema, akimtazama Nkirote kwa huruma iliyouma kuliko matusi, "mama mzazi ndiye..."

Hakumalizia. Wengine wangemalizia.

Walikata pete nyingine, wakayapanga mabamba, wakalitia la saba mahali pake katikati, lisiloguswa na waya. Nkirote aliyagusa yote. Vincent alipotaka kumpa mkungu wa ndizi aende nao, alikataa kwa adabu.

Simu hukimbia kuliko miguu. Alipofika Kiirua, wanawake wawili waliokuwa wakizungumza kwenye kona ya lango walinyamaza, wakamsalimu kwa upole uliozidi. Kobia alikuwa amesimama uani, hakusema lolote kuhusu mbuzi, wala hakumtazama usoni.

Jikoni kwa Wambeti moto ulikuwa ukiwaka. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa juu ya kigoda, na Wambeti alikuwa kichwa wazi, nywele zake za mvi zikionekana, jambo ambalo Nkirote hakuwahi kuliona tangu aolewe.

"Umewaambia," Wambeti alisema.

"Kulikuwa na mtoto pale, Mama."

"Najua. Wameniambia hata hilo." Maziwa yalikuwa yanaanza kupanda kwenye sufuria isiyo na kifuniko. "Wale wanawake wa kanisa wametuma mtu. Wanasema nipumzike kwanza. Wanasema kwa sababu ya majonzi."

Elimu yote ya Nkirote ilikuwa imekwisha kule Mitunguu.

Wambeti alinyoosha mkono wake wa kushoto, akaanza kukunja vidole, mmoja mmoja, na kila kidole akakitajia jina: kuanzia Kobia, kifungua mimba wake, akiteremka, mkono ukaisha, akahamia wa pili. Kwenye kidole cha pili cha mkono huo alisita.

"Kaimenyi," alisema. "Saba. Nilizaa saba." Kisha akakinyoosha kile kidole tena, taratibu, akakitazama. "Sasa ni sita. Si ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu?"

Maziwa yalifurika yakamwagika motoni. Nkirote aliiepua sufuria kwa mikono mitupu.